KUWATIA SAMAKI WAGENI KATIKA BWAWA LENYE WENYEJI

Mafunzo kwa wafugaji wa perege

Mwenye bwawa la samaki mara nyingi hudhani kwamba kutia vifaranga wapya ni kazi ya dakika moja: kufungua chombo, kumimina, na kurudi nyumbani. Siku ya pili aona vifaranga kadha wa kadha wakielea matumbo juu, naye husema, "Nimeuziwa samaki wabovu." Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi samaki wale walikuwa wazima, na kilichowaua ni namna walivyotiwa majini.

Tena iko hasara kubwa kuliko hiyo. Wageni wapona, wala hakuna dalili ya shaka; kisha baada ya majuma mawili wenyeji, waliokuwa karibu kuvuliwa, ndio waanzao kufa kwa ugonjwa walioletewa. Hapo mwenye bwawa amepoteza fedha ya vifaranga, na kitoweo cha miezi sita, na fedha aliyoitazamia kwa karo ya watoto wake, yote kwa mara moja.

Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bwawa la samaki neno hili ni kweli, ila kwa sharti: mgeni apokewe kwa utaratibu. Mafunzo haya yaeleza utaratibu huo hatua kwa hatua. Mwenye kufuga samaki wachache katika birika la saruji au katika sanduku la kioo atayaona yamfaa vilevile, kwa kuwa sheria za maji ni zile zile. Ila katika chombo kidogo adhabu ya kuzivunja huja upesi zaidi.

1. KWA NINI SAMAKI MGENI HUFA

Yakupasa kwanza kuzijua sababu, kwa maana mtu afuataye amri bila kuijua sababu yake huiacha siku ya kwanza apatapo haraka.

Sababu ya kwanza ni joto. Mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe kama mwili wa ng'ombe au wa mtu. Huwa na joto lile lile la maji yaliyomzunguka. Perege hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Ukimtoa katika maji ya nyuzi 29 yaliyopigwa na jua ndani ya ndoo, ukamtupa ghafula katika maji ya nyuzi 22, mwili wake wote hushtuka. Pengine hafi saa ile. Lakini hudhoofika, na ugonjwa humshinda baadaye.

Sababu ya pili ni hewa. Samaki hupumua hewa ya oksijeni iliyoyeyuka katika maji, wala hewa hiyo si nyingi. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Maji yale yale yakifika nyuzi 30 hushika miligramu 7 na nusu tu. Basi kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo hewa inavyopungua, na ndivyo samaki naye anavyozidi kuihitaji.

Sababu ya tatu ni uchafu wa samaki wenyewe. Samaki hutoa taka iitwayo amonia, ambayo ni sumu. Katika bwawa lililokwisha kukaa wapo vijidudu vyema, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Ukiongeza samaki wengi siku moja, vijidudu vile havitoshi kwa kazi mpya, na sumu huzidi mpaka viongezeke.

Sababu ya nne ni ugonjwa, na ya tano ni wenyeji wenyewe. Hizo mbili tutazieleza mahali pake.

2. LICHUNGUZE BWAWA LAKO KABLA YA KUNUNUA

Jiulize kwanza: je, bwawa langu lahitaji samaki wapya? Wengi huongeza vifaranga kwa sababu waona samaki wao hawakui. Wadhani mbegu imechoka, kumbe bwawa limejaa. Perege aweza kuanza kuzaa angali mdogo, wa miezi michache tu, na jike huyachukua mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, kwa hiyo watoto wengi huokoka. Bwawa likijaa watoto, chakula hakiwatoshi, na wote hudumaa. Kuongeza vifaranga katika bwawa la namna hiyo ni kuongeza watu mezani bila kuongeza unga chunguni.

Fanya hivi. Vuta wavu wenye matundu madogo mahali patatu mbalimbali. Ukiona samaki wengi wadogo, na hata walio wadogo kama kiganja wana mayai mdomoni, usinunue vifaranga. Vua bwawa lote, lipunguze maji mpaka likauke na udongo wa chini upasuke nyufa, tia chokaa kwa kipimo utakachopewa na Afisa wa Uvuvi, kisha ulijaze na kuanza upya. Njia hii ni bora kuliko zote, kwa sababu hapo hakuna wenyeji wa kuwapiga wageni, wala wa kuambukizwa.

Lakini ikiwa bwawa lina nafasi, kwa mfano samaki wengi wameibwa, au wameliwa na fisi-maji na mnandi, au mafuriko yamewachukua, basi kuongeza kwafaa. Hesabu kwa kiasi. Bwawa lirutubishwalo kwa samadi na kupewa pumba lafaa kupewa vifaranga 2 kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa la mita 20 kwa mita 10 lina mita 200 za mraba. Basi jumla yake ni samaki 400. Ikiwa wadhani wamebaki 250, ongeza 150, wala usiongeze 400.

Chunguza pia kama kambare wamo. Kambare ni mlaji wa samaki, na sheria yake ni moja: kiingiacho mdomoni ni chakula. Kifaranga wa perege wa urefu wa kidole, mbele ya kambare mkubwa, si mgeni, ni kitoweo. Kambare wakubwa watolewe kwanza.

3. KUNUNUA NA KUSAFIRISHA

Nunua mahali unapoweza kwenda mwenyewe na kuwatazama samaki wakiwa majini. Kifaranga mzima huogelea kwa nguvu, na akishtuliwa hukimbia. Mapezi yake ni mazima, macho yang'aa, na ngozi haina kidonda. Ukiona hata wachache wenye utando mweupe kama pamba, au madoa meupe kama chembe za chumvi, au wanaojisugua chini na ubavuni mwa birika, usichukue hata mmoja katika birika hilo. Samaki mmoja akioza, wameoza wote.

Mwombe muuzaji asiwalishe kwa siku nzima kabla ya safari. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya njiani. Safiri usiku au alfajiri. Chombo kifunikwe kwa gunia lililoloweshwa maji, wala kisikae juani hata kwa muda wa kunywa chai. Ukiwachukua katika ndoo iliyo wazi, wachukue wachache, na safari iwe fupi. Safari ndefu yataka mifuko ya nailoni: sehemu moja ya tatu maji, na sehemu mbili hewa ya oksijeni, imefungwa barabara.

4. KUWAZOEZA MAJI

Ukifika, usiwamwage. Kiweke chombo au mfuko wao, ungali umefungwa, uelee juu ya maji watakamoingia, mahali penye kivuli. Uache hapo muda wa dakika 20 hadi 30, mpaka joto la ndani na la nje lilingane. Kama una kipimajoto, tofauti isizidi nyuzi 1 au 2. Kama huna, tia mkono mmoja katika chombo na mkono wa pili katika bwawa: ukisikia tofauti, bado.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na yakupasa kuchagua iliyo ya haki kwa safari yako.

Ikiwa samaki walikuja katika ndoo iliyo wazi, kwa safari ya saa moja au mbili, mimina ndani ya ndoo kikombe kimoja cha maji mapya. Ngoja dakika 5. Mimina tena. Endelea hivyo mpaka maji ya ndoo yawe mara mbili ya yale ya kwanza. Hivyo mwili wa samaki hupata nafasi ya kuzoea chumvi na chokaa iliyomo katika maji mapya.

Lakini ikiwa samaki walikaa saa nyingi katika mfuko uliofungwa, kama safari ya usiku kucha, njia hiyo ya polepole yaweza kuwadhuru. Sababu yake ni hii: ndani ya mfuko, pumzi za samaki huyafanya maji kuwa na uchachu, na katika maji yenye uchachu ile sumu ya amonia hulala. Mfuko ukifunguliwa, pumzi ile huponyoka, uchachu hupungua, na sumu huamka wakati samaki wangali ndani yake. Basi kwa mifuko ya namna hii linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa. Kisha ufungue, tia maji mapya mara moja au mbili, na uwahamishe bila kukawia.

Katika njia zote mbili, wachote samaki kwa wavu laini uliolowa, wachache wachache. Usiwashike kwa mkono mkavu, maana mwili wa samaki umefunikwa na ute, na ute huo ndio ngao yake ya kwanza dhidi ya ugonjwa. Maji ya safari yamwage shambani, mbali na bwawa. Usiyatie bwawani kamwe, kwa maana yana amonia, na huenda yana vijidudu vya maradhi au watoto wa samaki usiowataka.

5. KUWATENGA KWA MAJUMA MATATU

Hii ndiyo hatua iachwayo na wengi, nayo ndiyo ilindayo mali yote. Samaki wageni wasiingie moja kwa moja katika bwawa kubwa. Wakae kwanza peke yao majuma matatu, kwa sababu maradhi mengi ya samaki hayaonekani siku ya kwanza. Yako mengine ambayo hayana dawa kabisa, kama ule ugonjwa wa virusi vya perege uliotambuliwa mwaka 2014 huko Israeli, na ambao umekwisha kuonekana katika nchi nyingi. Ugonjwa usio na dawa huzuiliwa mlangoni tu.

Si lazima kuwa na birika la gharama. Chimba shimo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na nusu, na kina cha sentimita 70, ulitandike turubai la plastiki. Shimo hilo hushika lita 2,100 za maji, nalo latosha kwa vifaranga 150 wadogo kwa muda huo. Lichimbwe mahali ambapo maji yake hayatatiririkia bwawani, hata mvua kubwa ikinyesha. Lifunike kwa wavu, kwa sababu ya mdiria na vyura.

Mtu mwingine ataniuliza, "Je, nisiwatenge katika kizimba cha wavu ndani ya bwawa lile lile?" Hapana. Wavu huzuia samaki, hauzuii maji, na ugonjwa husafiri kwa maji. Kizimba kina kazi yake, lakini baadaye.

Kabla ya kuwaingiza shimoni waogeshe kwa maji ya chumvi. Pima gramu 10 za chumvi ya kawaida kwa kila lita moja ya maji, yaani gramu 200 kwa debe la lita 20. Maji hayo yawe na joto lile lile walilokwisha kulizoea. Waweke humo kwa dakika 10, ukiwatazama muda wote. Akionekana hata mmoja akilala ubavu, watoe wote mara moja. Chumvi huua wadudu wengi wanaoshika ngozi na matamvua.

Shimo jipya halina vile vijidudu vyema tulivyovitaja. Kwa hiyo lisha kidogo, na kila siku ya pili toa robo ya maji, utie mengine safi yaliyokaa katika pipa mpaka joto lake likalingana. Tumia wavu na ndoo za peke yake. Ukiwa huna wavu wa pili, uanike ule ulio nao juani kutwa nzima kabla ya kuurudisha katika bwawa kubwa. Kila siku hudumia bwawa kubwa kwanza, kisha wageni, usifanye kinyume.

Andika katika daftari idadi ya waliokufa kila siku. Wakifa wawili watatu katika siku mbili za kwanza, ni machovu ya safari. Vifo vikiendelea, au vikizidi, usiwahamishe hata mmoja. Wazike waliokufa katika shimo pamoja na chokaa, mbali na maji, ukampashe habari Afisa wa Uvuvi. Utakuwa umepoteza vifaranga 150, lakini bwawa lako lingali salama. Huo ndio faida ya kutenga.

6. SIKU YA KUWATIA BWAWANI

Juma moja kabla ya siku hiyo usitie samadi mbichi bwawani, kwa kuwa samadi ikioza hula oksijeni.

Chagua saa njema. Usiku mimea midogo itiayo maji rangi ya kijani haitoi oksijeni, bali nayo huivuta. Kwa hiyo hewa huwa haba kabisa karibu na alfajiri. Ukiona samaki wako wamepanda juu ya maji saa hiyo, wakipanua vinywa, jua kwamba hewa ni haba, wala usitie mgeni siku hiyo. Alasiri nayo si njema: maji yana joto, na katika bwawa la kijani sana ukali wa amonia huongezeka saa hizo. Saa iliyo bora ni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, jua likiwa limekwisha kufanya kazi kidogo na maji yangali baridi.

Sasa kumbuka wenyeji. Dume la perege huchimba kiota chini ya maji, hulilinda eneo lake na kumfukuza kila aingiaye. Kifaranga akifukuzwa kutwa hali, mapezi yake huraruliwa, na jeraha huota ukungu. Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, siku moja kabla, vuruga viota kwa reki katika upande utakaowatia wageni, ili madume yasiwe na mipaka ya kulinda. Pili, zamisha upande huo mafungu ya matawi makavu, yasiyo na utomvu wa sumu, yawe maficho. Tatu, asubuhi ile walishe wenyeji kwanza katika ncha ya pili ya bwawa, ili wawe kule, na wameshiba.

Wageni wakiwa wadogo sana kuliko wenyeji, hapa ndipo kizimba kifaapo. Simika miti minne bwawani, funga wavu wa matundu madogo, na wageni wakae humo majuma mawili au zaidi, mpaka wakue. Wataonana na wenyeji pasipo kuumizwa.

Rudia ile kazi ya kuzoeza maji, kwa maana maji ya shimo si maji ya bwawa. Kisha kiinamishe chombo polepole, au uushushe wavu majini, na uwaache watoke wenyewe. Usiwarushe.

7. SIKU SABA ZA KWANZA

Siku ya kwanza usiwalishe wageni. Siku ya pili anza kidogo. Kipimo cha vifaranga ni gramu 5 za chakula kwa kila gramu 100 za uzito wao kwa siku. Vifaranga 150 wa gramu 5 kila mmoja wana uzito wa gramu 750. Basi chakula chao ni gramu 37 au 38, kigawanywe mara mbili. Chakula kisicholiwa kwa dakika 15 kimezidi, kesho punguza.

Pita bwawani kila alfajiri. Ukiwaona samaki wakitweta juu ya maji, acha kulisha, na utie maji safi yakianguka kutoka juu, maana maji yaangukayo hubeba hewa. Waliokufa watolewe saa ile ile.

8. ONYO KWA AJILI YA MITO NA MAZIWA

Bwawa lako lina ukingo, lakini mvua haijui ukingo. Samaki aliyetiwa bwawani aweza kufika mtoni, na huko hakuna awezaye kumrudisha. Katika miaka ya 1950 sangara na sato walitiwa katika Ziwa Victoria. Wamewapa watu wengi kazi na chakula, hilo halikanushwi. Lakini ngege, aliyekuwa samaki mashuhuri wa wavuvi wa ziwa lile, karibu atoweke humo, na aina nyingi za furu zilipotea. Katika mito ya Tanzania pia sato walioponyoka hupandana na perege wa asili, na mbegu ya asili huchafuka. Basi uliza kwanza ni aina gani iliyoruhusiwa katika bonde lako, na uweke wavu imara katika mfereji wa kuingizia maji na wa kuyatolea.

MAMBO YA KUKUMBUKA

(1) Usiongeze samaki katika bwawa lililojaa.
(2) Nunua mahali palipo safi. Safirisha wakati wa baridi, samaki wakiwa na tumbo tupu.
(3) Linganisha joto kwa dakika 20 hadi 30.
(4) Maji ya safari yamwagwe shambani.
(5) Watenge wageni majuma matatu, mbali na maji ya bwawa.
(6) Watie kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, maficho yakiwa tayari na wenyeji wameshiba.
(7) Lisha kidogo, tazama kila alfajiri, andika katika daftari.

Kazi hii yote yachukua mwezi mmoja tu, na bwawa jema hulisha nyumba kwa miaka mingi. Usione uchungu kungoja.